Kicheko Kilichocheleweshwa: Tashtiti ya Udikteta katika Fukwe Tatu za Ziwa Viktoria, 1971–1999

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tashtiti dhidi ya utawala wa mabavu katika nchi tatu zinazopakana na Ziwa Viktoria, kuanzia mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971 hadi kuchapishwa kwa tamthilia ya Kaputula la Marx ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1999. Hoja kuu ni kwamba dola za eneo hili zilikabiliana na kicheko cha watunzi kwa njia tatu: Uganda kwa kuua, Kenya kwa kufunga watu na kukamata vitabu, na Tanzania kwa ucheleweshaji. Njia ya tatu ndiyo iliyo ngumu zaidi kwa mwanahistoria, kwa kuwa haiachi amri, hati ya mashtaka wala kaburi. Makala yanapendekeza kwamba pengo kati ya mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kuchapishwa lichukuliwe kuwa ushahidi wa kihistoria unaostahili kuchunguzwa, lakini kwa tahadhari, kwani si kila kitabu kilichochelewa kilizuiwa na siasa.

1. Utangulizi

Mwishoni mwa Machi 1979, wiki mbili kabla ya Kampala kuanguka, ndege ya kivita ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin iliruka hadi Mwanza kwa lengo la kulipua ghala la mafuta. Mabomu yalikosa shabaha yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, na waliouawa walikuwa swala. Tukio hilo halikuwa la mzaha kwa wakazi wa ufukwe wa kusini. Mwanza na Bukoba zilikwisha kupigwa mabomu na ndege za Uganda mnamo Septemba 1972, na vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera mwaka 1978 vilikuwa vimechukua vijana wengi wa Kanda ya Ziwa. Hata hivyo, mtawala aliyejivika vyeo na nishani kuliko jemadari yeyote wa bara hili kuishia kuangamiza swala wa Saanane ni jambo ambalo mtunzi wa tashtiti angeona haya kulibuni.

Katika Tanzania ya wakati ule, kumcheka Amin kulikuwa ni uzalendo. Vyombo vya habari vya taifa vilimwita Nduli, na jina hilo likaenea sokoni, shuleni na kambini. Lakini katika kipindi hichohicho cha mwishoni mwa miaka ya 1970, mwandishi aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, aliandika tamthilia iliyowacheka watawala wa nyumbani. Amin aliondoka Kampala Aprili 1979. Kaputula la Marx ilichapishwa mwaka 1999. Swali la makala haya linatokana na pengo hilo la miaka ishirini: kwa nini kicheko kimoja kiliruhusiwa kuvuka ziwa papo hapo, na kingine kikasubiri kwa muda mrefu kiasi hicho?

Istilahi mbili zahitaji kufafanuliwa. Tashtiti inachukuliwa hapa kuwa utunzi unaotumia kicheko, kejeli na ukuzaji ili kufichua uovu au upumbavu wa wenye mamlaka. Udikteta unachukuliwa kuwa hali ambamo anayetawala hawezi kujibiwa hadharani na anaowatawala. Kwa maana hiyo ya pili, Uganda ya Amin, Kenya ya chama kimoja na Tanzania ya chama kimoja hazikuwa sawa hata kidogo, na makala haya hayadai kwamba zililingana. Kinachodaiwa ni kwamba katika kila ufukwe lilikuwepo eneo ambalo kicheko hakikuruhusiwa kulifikia, na kwamba kila dola ilikuwa na namna yake ya kulilinda eneo hilo.

Makala yanaliangalia ziwa kutoka ufukwe wa kusini, yaani Mwanza na vitongoji vyake kama vile Kiseke katika Ilemela. Msimamo huo umechaguliwa kwa sababu ufukwe huu ulipokea mambo mawili kwa pamoja: mabomu ya dikteta wa jirani na vitabu vya mwandishi wa Ukerewe. Ndipo mahali ambapo tofauti kati ya kumcheka jirani na kujicheka mwenyewe inaonekana waziwazi.

2. Kicheko cha hadhara kabla ya kitabu

Tashtiti ya ufukwe wa kusini haikuanza na uandishi. Wasukuma, ambao ndio wenyeji wengi wa Mwanza, wana utamaduni wa siku nyingi wa mashindano ya ngoma baina ya vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu. Katika mashindano hayo, ambayo hadi leo hufanyika hadharani hasa katika majira ya baada ya mavuno, na ambayo sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa, ni mfano wake mashuhuri, manju wa upande mmoja huwadhihaki wapinzani wake kwa nyimbo, naye hujibiwa na manju wa upande wa pili. Umati ndio hakimu.

Mambo mawili katika utamaduni huo yana umuhimu kwa hoja ya makala haya. Kwanza, kicheko hutolewa mbele ya umati, na nguvu yake hutokana na watu kucheka pamoja wakijua kwamba wanacheka pamoja. Pili, anayechekwa ana haki ya kujibu, lakini hana budi kujibu kwa wimbo. Kanuni hiyo ya pili ndiyo inayovunjwa na udikteta, kwa kuwa mtawala wa mabavu naye hujibu, ila jibu lake si la kisanaa.

Katika fasihi andishi ya Kiswahili, njia ya kuukwepa mkono wa mtawala ilikwisha kuoneshwa na Shaaban Robert. Kusadikika (1951) iliwekwa katika nchi isiyokuwepo duniani, na Kufikirika, iliyoandikwa wakati wa ukoloni na kuchapishwa mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki, ilifuata mkondo huohuo. Nchi ya kubuni ilimpa mwandishi nafasi ya kusema, na ilimpa mtawala nafasi ya kujifanya hakuguswa. Kezilahabi aliifahamu mbinu hiyo vizuri, kwani tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Hivyo basi, alipoandika tashtiti yake mwenyewe hakuwa akibahatisha, bali alikuwa ameupima urithi aliopokea na mipaka yake.

3. Ufukwe wa kaskazini: Uganda na kifo cha mtunzi

Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwaka huohuo mwigizaji na mtunzi Byron Kawadwa alitoa tamthilia ya nyimbo ya Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko. Katika Kiganda enkoko ni kuku, na jina la mhusika lenyewe tayari linamvua heshima mwenye uchu wa ukubwa. Tamthilia ilihusu tamaa ya madaraka katika makao ya kifalme, na watazamaji wa Kampala hawakushindwa kuihusisha na mwaka 1966, wakati Milton Obote alipomng'oa Kabaka Mutesa II.

Mwaka 1977 tamthilia hiyo ilipelekwa Lagos katika tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa Waafrika, FESTAC. Baada ya kurejea Kampala, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa Amin na kuuawa. Ulikuwa ndio mwaka ambao Askofu Mkuu Janani Luwum naye aliuawa, mnamo Februari.

Kuna jambo la kutafakari hapa. Kwa mantiki ya kawaida, tamthilia iliyoelekea kumlaumu Obote ilipasa kumfurahisha Amin, aliyekuwa adui wa Obote. Haikuwa hivyo. Mtawala wa mabavu hasomi tashtiti kwa kufuata tarehe. Kila kicheko kinachoelekezwa kwenye kiti anakiona kinamhusu yeye aliyekikalia. Kwa hiyo mbinu ya kuyasogeza matukio nyuma katika wakati, ambayo ingemwokoa mwandishi chini ya utawala unaoheshimu maana ya maandishi, haikumfaa Kawadwa.

Ugumu mwingine wa tashtiti ya Uganda ni kwamba Amin alijigeuza kichekesho kwa hiari yake. Alijitangaza kuwa mshindi wa himaya ya Uingereza, na wakati wa vita vya Kagera alipendekeza kwamba yeye na Julius Nyerere wamalize ugomvi katika ulingo wa ndondi. Magazeti ya nje yalizifurahia habari hizo, na kwa muda mrefu dunia ilimtazama kama mchekeshaji huku watu wakitoweka. Mtunzi makini alikabiliwa na tatizo la kukifanya kicheko kiume, kwa kuwa kicheko chepesi kilikuwa tayari kinamtumikia mtawala mwenyewe. Wole Soyinka alilijibu tatizo hilo katika A Play of Giants (1984) kwa kumweka dikteta Kamini, anayefanana na Amin, katika ubalozi mjini New York, ili kicheko kiwafikie pia wasomi na mataifa makubwa yaliyomlea. John Ruganda, Mganda aliyefanya kazi Kenya, alichukua njia nyingine katika The Floods (1980), ambamo ziwa na hofu ya mafuriko vinabeba kumbukumbu ya ukatili wa enzi hiyo. Kazi zote mbili zilitoka baada ya Amin kuanguka, na hakuna iliyochapishwa kwanza Uganda. Kwa njia hiyo, mauaji ya Kawadwa yaliondoa sauti moja na pia yakasukuma tashtiti nzima nje ya mipaka na nje ya wakati wake.

4. Ufukwe wa mashariki: Kenya, lugha na jukwaa

Katika tamasha lilelile la Lagos, Kenya nayo iliwakilishwa na tamthilia inayomcheka dikteta: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, iliyochapishwa mwaka 1976. Mtawala wake, Boss, anatawala nchi iitwayo Kafira, jina ambalo herufi zake zikipangwa upya zinaleta Afrika. Ilichezwa kwa idhini ya serikali, ikasifiwa, na baadaye ikasomwa shuleni. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba Kenya ya miaka hiyo iliivumilia tashtiti.

Mwaka huohuo wa 1977 unalikanusha hitimisho hilo. Mnamo Oktoba, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mnamo Novemba kibali cha maonesho kiliondolewa, na Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Tofauti kati ya Kafira na Kamiriithu haikuwa ukali wa maneno, kwani Kafira ina rais mzima anayechekwa jukwaani, ilhali Kamiriithu iliwaonesha matajiri na vibarua wao. Tofauti ilikuwa ni nani anayecheka. Betrayal in the City iliandikwa kwa Kiingereza na kuwafikia waliosoma; Ngaahika Ndeenda ilichezwa kwa lugha ya wanakijiji, nao wanakijiji wenyewe ndio waliokuwa waigizaji na watazamaji.

Akiwa gerezani Kamiti, Ngũgĩ aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Ilitoka mwaka 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikafuata mwaka 1982. Mashindano ya wezi na wanyang'anyi yaliyomo humo, ambapo kila mmoja hujigamba kwa mbinu zake za kuwaibia watu, ni tashtiti kamili. Riwaya iliyofuata, Matigari ma Njirũũngi (1986), ilipata hatima ya ajabu. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, watu walipoanza kumzungumzia Matigari kana kwamba ni mtu anayezunguka nchini akiulizia ukweli na haki, polisi waliagizwa wamkamate. Walipotambua kwamba ni mhusika wa kitabu, nakala zilikusanywa kutoka madukani mapema mwaka 1987.

Waandishi wa Kiswahili hawakusalimika. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, baadaye alitoa Walenisi (1995), riwaya yenye nchi ya kubuni ambayo jina lake likisomwa kwa kutenganishwa linakuwa “wale ni sisi”. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, Kenya ina sifa moja inayorahisisha kazi: dola yake iliacha alama. Kuna tarehe za kukamatwa, kuna kibali kilichoondolewa, kuna nakala zilizobebwa. Ukandamizaji wa Kenya unaweza kuandikwa kwa mpangilio wa matukio.

5. Ufukwe wa kusini: Tanzania na ucheleweshaji

Tanzania haikumwua mtunzi wa tashtiti wala haikukusanya riwaya zake kutoka madukani. Ukweli huo unastahili kutajwa kwanza, na kwa heshima. Lakini haitoshi kuishia hapo. Dola ilikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini tangu mwaka 1962, chama kimoja kisheria tangu 1965, na Sheria ya Magazeti ya 1976 iliyompa waziri uwezo wa kufunga gazeti. Zaidi ya sheria hizo, uchapishaji wa vitabu ulitegemea mashirika ya umma, na soko kubwa la vitabu lilikuwa shule. Kezilahabi aliijua nguvu ya soko hilo mapema: riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku shuleni kwa namna ilivyoyaeleza maisha ya msichana na ya wanaume waliomharibu. Sababu haikuwa ya kisiasa, lakini funzo lilikuwa wazi. Kuondolewa katika shule kulimaanisha kuondolewa kwa wasomaji walio wengi.

Pamoja na hayo, riwaya zake mbili zilizofuatilia siasa ya Ujamaa zilichapishwa bila kikwazo. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anatajirika, mali yake inataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mwisho wake ni kumwua kiongozi wa serikali. Gamba la Nyoka (1979), iliyochapishwa Arusha, inahusu kuhamishiwa watu vijijini. Nyerere alikwisha kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na Kanda ya Ziwa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa na operesheni hiyo. Riwaya inaonesha vijiji vya Kisole na Bucho, vijana wasomi Mamboleo na Mambosasa, viongozi wanaojinufaisha, na wananchi wanaosukumwa kwa nguvu kuuendea usawa walioambiwa kuwa ni hiari yao. Kejeli yake ni kali. Ilipitaje?

Jibu la makala haya ni kwamba kejeli hiyo ilikuwa na kibali kisichoandikwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 wenyewe ulikwisha kuwakemea viongozi wenye kiburi, wanaodharau na kuonea watu. Kumcheka ofisa wa kijiji, katibu wa chama au msomi mwenye majivuno kulikuwa ni kuendeleza kwa njia ya sanaa lawama ambayo chama kilikwisha kuitoa. Uovu ulikuwa ni wa watekelezaji, na dira ilibaki safi. Matukio ya kanda hii yalifuata mpangilio huohuo. Katikati ya miaka ya 1970, watu waliokamatwa na vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga walipoteswa na baadhi yao kufa, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika. Uwajibikaji huo ni tukio adimu katika Afrika ya wakati ule, na umekumbukwa kwa haki. Lakini nao ulithibitisha kanuni: kosa hupanda ngazi hadi kwa waziri, na hukomea hapo.

Kaputula la Marx ilivunja kanuni hiyo kwa kumpandisha rais mwenyewe jukwaani. Kapera, kiongozi wa nchi isiyotajwa, anavaa kaputula la Marx lisilomtosha, naye na mawaziri wake wanaongoza safari ya kuielekea Usawa. Picha hiyo ni rahisi, na ndiyo maana inauma. Kaputula katika Afrika Mashariki lina historia yake: lilikuwa vazi la askari, la tarishi, la mwanafunzi wa shule ya misheni na la bwana shauri wa kikoloni. Kumvisha rais wa nchi huru kaputula, tena la mtu mwingine, ni kusema kwamba fikra aliyoiazima inamrudisha katika hali ya utarishi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa anayechekwa si mtekelezaji aliyeipotosha dira. Kinachochekwa ni dira yenyewe na aliyejivika dira hiyo.

Mazingira ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalizidisha uzito wa picha hiyo. Machi 1978, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahali ambapo Kezilahabi alisoma na kufundisha, waliandamana kupinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya wabunge na viongozi, na wengi wao wakafukuzwa chuoni. Miezi michache baadaye vikaja vita vya Kagera. Vita hivyo vilikuwa na sababu ya haki, na vilimwondoa mtu aliyewaua maelfu ya raia wake. Lakini viliugawa pia uhalali wa kicheko: Nduli alikuwa upande wa pili wa ziwa, na yeyote aliyeelekeza kidole upande huu angeonekana kumsaidia adui. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hiyo inaeleza kwa ufupi hali ya tashtiti katika Mwanza ya mwaka 1979.

6. Ushahidi wa ucheleweshaji na mipaka yake

Je, miaka ishirini ya kusubiri inathibitisha kuzuiwa? Ufukwe uleule una kisa kinachomlazimisha mtafiti kuwa mwangalifu. Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe, alimaliza kuandika riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Toleo la Kiswahili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, lilichapishwa mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Riwaya hiyo inaeleza ndoa, uzazi, kilimo na mila za Wakerewe wa kale, wala haimtishi mtawala yeyote. Ilichelewa miaka thelathini na mitano kwa sababu wachapishaji hawakuiona faida katika Kikerewe na kwa sababu ya urefu wake. Kisa cha Kitereza kinaonesha kwamba umbali, lugha na uchumi vinaweza kukichelewesha kitabu bila amri ya mtu yeyote. Tena miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki kuu Tanzania, na karatasi yenyewe ilikuwa adimu.

Hata hivyo, uchumi peke yake hauelezi tofauti iliyopo ndani ya kazi za mwandishi mmoja. Katika miaka hiyohiyo ya dhiki, Kezilahabi alichapisha diwani ya Karibu Ndani (1988), na riwaya za Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambazo ni ngumu, fupi na zenye wasomaji wachache. Karatasi ilipatikana kwa ajili ya falsafa. Haikupatikana kwa ajili ya tamthilia ambayo mwananchi yeyote angeielewa na kucheka. Mfano wa Lina Ubani ya Penina Muhando (1984), iliyohoji hali ya nchi baada ya vita vya Kagera, unaonesha kwamba jukwaa halikufungwa kabisa. Lakini kuhoji hali ya nchi na kumvisha rais kaputula ni mambo mawili tofauti.

Hapa ndipo fukwe tatu zinapokutana. Kawadwa, Kamiriithu na Kezilahabi wanafanana katika jambo moja: kazi iliyoudhi ilikuwa ya jukwaani, na ilikuwa katika lugha ya umati, yaani Kiganda, Kikuyu na Kiswahili. Riwaya husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Msomaji anaweza kucheka peke yake na dola isijue. Hata Matigari ilianza kuitisha dola pale ilipoacha kuwa ya msomaji mmoja na kuwa mazungumzo ya watu. Tamthilia huwaweka watu mia pamoja, na kila mmoja husikia kwamba jirani yake naye anacheka. Hilo ndilo lililokuwamo katika mashindano ya Bagika na Bagalu, na ndilo lililoogopwa na tawala zote tatu, kila moja kwa kiwango chake.

Ucheleweshaji una athari nyingine ambayo mauaji na kifungo havina: hubadilisha maana ya kazi. Kaputula la Marx ilipotoka mwaka 1999, vyama vingi vilikwisha kurejeshwa tangu 1992, mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, na Marx mwenyewe hakuwa tena na mtu wa kumtetea serikalini. Nyerere alifariki Oktoba mwaka huohuo, na taifa likawa katika maombolezo. Tamthilia iliyoandikwa ili iwe onyo ikasomwa kama kumbukumbu. Iliyoandikwa kwa ujasiri ikaweza kuonekana ya mtu anayeupiga mti ulioanguka. Msomaji wa leo anayeisoma kwa kufuata mwaka wa kuchapishwa atamdhulumu mwandishi, kwa kuwa hataona hatari aliyoikabili. Kufungwa kwa Ngũgĩ kulizipa kazi zake uzito zaidi. Kusubiri kwa Kezilahabi kuliipunguzia kazi yake makali.

7. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya tashtiti ya udikteta katika eneo la Ziwa Viktoria haiwezi kuandikwa kwa kutumia orodha za vitabu vilivyopigwa marufuku na waandishi waliofungwa pekee. Orodha hizo zitaijaza Kenya, zitaigusa Uganda kwa damu, na zitaiacha Tanzania karibu tupu. Utupu huo usisomwe kuwa ni uhuru kamili, wala usisomwe kuwa ni ukandamizaji uliofichwa. Unapaswa kuchunguzwa kazi moja baada ya nyingine, kwa kuuliza iliandikwa lini, ilitoka lini, ni zipi zilizotoka katikati ya miaka hiyo, na ni nani angecheka kama ingetoka mapema.

Kwa utafiti wa fasihi ya Kiswahili, jambo hili lina matokeo ya vitendo. Tasnifu nyingi hupanga kazi kwa mwaka wa uchapishaji, na kwa mpangilio huo Kaputula la Marx huwekwa katika enzi ya vyama vingi pamoja na kazi zilizoandikwa bila hofu ile. Ikirudishwa mahali pake, yaani kando ya Gamba la Nyoka, maandamano ya 1978 na mabomu ya Saanane, inaonekana kwamba Kezilahabi alikuwa akizungumza na zama zake, na kwamba zama hizo ndizo zilizoahirisha kusikiliza.

Kizazi kinachokua leo Mwanza, katika maeneo ya makazi mapya kama Kiseke, hakikumwona Nduli wala hakikuhamishiwa kijijini. Kinarithi habari za Amin zikiwa kamili, kwa kuwa kumcheka kuliruhusiwa tangu mwanzo. Habari za kaputula kinazirithi zikiwa pungufu, kwa sababu watu waliostahili kuzicheka pamoja hawakupewa nafasi hiyo kwa wakati wake.